Choki Iliyovutwa Tangu Mbale

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja karibu na kizuizi cha mpaka pale Malaba, Fundi Mkuu hakunionyesha spana wala jeki. Alinionyesha mtu aliyekuwa akitoka langoni, ovaroli mkononi. Mtu huyo alikuwa amefukuzwa kwa kumwambia mteja kwamba jenereta ya gari lake imekufa, ilhali ilikuwa nzima.

"Injini haidanganyi," Fundi Mkuu akaniambia. "Ukidanganya wewe, hapa si pako."

Vijana wa leo hulipima gari kwa mashine. Sisi, katika miaka ya sabini, tulilipima kwa macho, pua na masikio. Injini huchoma petroli iliyochanganywa na hewa ndani ya kabureta. Petroli ikizidi na hewa ikipungua, gari hutoa moshi mweusi, hunuka mafuta mabichi, na plagi zake, yaani zile zitoazo cheche, hufunikwa na masizi kama sufuria ya kuni. Mwenye pupa angeilaumu kabureta papo hapo. Fundi Mkuu alitufunza kuanza na yaliyo rahisi: kwanza chujio la hewa, lisiwe limeziba, kisha choki, kifundo cha kwenye dashibodi kinachovutwa asubuhi ili kuipunguzia hewa injini iliyo baridi, na kurudishwa inapopata joto.

Mwaka wangu wa pili, gari dogo la buluu liliingia kutoka Uganda likikohoa, na moshi wake ukafunika ua wote. Aliyeliendesha alikuwa mama wa makamo aliyevaa gomesi, gauni la heshima la Kiganda. Nyuma yake walikaa watoto wawili.

"Mama, hii gari unaendesha ama unapikia?" mwenzangu akamtania. Tulicheka.

Yeye hakucheka. "Mnitengenezee haraka. Watoto nawaacha kwa dada yangu, huku kwenu Moding, halafu narudi Mbale leo."

Nilifungua plagi, zote nyeusi. Chujio lilikuwa safi. Nikaingiza kichwa ndani ya gari, nikaona choki imevutwa hadi mwisho. Nikamuuliza nani aliyeivuta.

"Ni mimi. Si ndiyo kuwasha gari? Kila asubuhi nilikuwa nasimama kwa geti, naona bwana yangu anaivuta, anawasha, anaenda. Kama alikuwa anairudisha, alikuwa anairudishia huko mbele. Mimi niliishia kwa geti."

"Na yeye yuko wapi?"

"Walimchukua juzi, kazini. Narudi kumtafuta. Na hii moshi itaniletea askari kila mahali wamefunga barabara."

Mwenzangu aliyetania akaanza kufuta spana iliyokuwa safi. Mpakani kwetu kila mtu alijua maana ya kuchukuliwa na askari wa Uganda miaka ile. Waliochukuliwa hawakurudi, na waliokwenda kuwaulizia, mara nyingi, hawakurudi pia.

Kazi iliyobaki ilikuwa kusafisha plagi na kusukuma kifundo kile kwa kidole kimoja. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono, Fundi Mkuu akanishika bega. Aliinama juu ya injini, akaitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Mama, kabureta imekwisha. Mpya itatoka Nairobi. Hii gari haiendi."

Nilimtazama kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Sikuwahi kumsikia akitamka neno la uongo, hata kwa mzaha. Mama alimsihi, akamsihi tena, kisha akawashika watoto mikono, wakaondoka. Huko Moding dada yake alimzuia asirudi Mbale kwa miguu wala kwa basi.

Kila siku ya soko alikuja kuuliza. "Bado, mama," Fundi Mkuu alimjibu, na kila mara niligeuka nisimtazame.

Hatimaye shemeji yake alivuka mpaka kwa baiskeli, akaleta habari: mumewe aliuawa siku ile ile aliyochukuliwa. Mama alipokuja kulichukua gari, Fundi Mkuu aliliwasha mwenyewe. Likaitika mara moja, bila moshi.

Mama akaitazama injini. "Kabureta ni ile ile?"

"Ni ile ile, mama."

"Ungeniambia ukweli, ningeenda."

"Najua."

"Na singerudi."

"Najua."

"Hata hivyo, mzee, haikuwa yako kuamua."

Fundi Mkuu alivua kofia. Gari likaondoka kuelekea Moding, likinguruma vizuri kama ambavyo lingeweza kunguruma tangu siku ile ya kwanza.

Baadaye nilihamishiwa tawi la karakana yetu huko Busia, nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, hadi mgongo uliponistaafisha kabla ya wakati. Nimesoma vitabu vingi vya maadili, na bado nashikilia kwamba uongo ni uongo, hata ukisemwa na mtu mwema. Lakini kila nilipompokea fundi mpya na kumwambia, "Injini haidanganyi," nilimkabidhi ovaroli hapo hapo. Nusu ya pili ya kanuni ile, ya "hapa si pako", haikunitoka mdomoni hata mara moja.