Nakshi za Mkono wa Kushoto

Benedeta wa Mwello, mashariki mwa Uganda, alijua kufinyanga chungu kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu wake alikuwa mama yake, Anjeline, aliyetumia mkono wa kushoto kwa kila kazi: kulima, kupepeta mtama, hata kusokota ile kamba fupi ya nyasi ambayo wafinyanzi huiviringisha juu ya udongo mbichi ili iache nakshi. Benedeta alikaa ubavuni pake, akasokota kama alivyoona. Wanawake wengine wa Mwello husokota kwa mkono wa kulia, na mistari yao huinamia kulia. Ya mama na binti iliinamia kushoto.

Miaka ile vyungu vilifungwa juu ya baiskeli kwa majani ya migomba, vikapelekwa Busia, na wachuuzi wa Kenya wakavivusha mpaka. Vikishavuka, hakuna tena aliyejua viliishia wapi.

Mwaka juzi, kikundi cha wafinyanzi ambacho Benedeta ni mwenyekiti wake kilipata barua. Chuo kikuu kimoja cha upande wa Kenya kilitaka ushirikiano: wanafunzi wa sanaa wafundishwe ufinyanzi, na maarifa ya akina mama yarekodiwe. Annet, katibu wa kikundi na mwalimu wa shule ya msingi, aliwafasiria barua hiyo kwa Kidhopadhola, lugha yao. Vigelegele vikapigwa. Benedeta alingoja vinyamaze.

"Na sisi tunapata nini?" akauliza.

Wakakubaliana waende wakaulize wenyewe.

Walikwenda wanawake saba, kila mmoja na bonge lake la udongo wa kuonyeshea kazi, ndani ya gunia bichi. Pale mpakani Busia ofisa alibonyeza gunia la Benedeta kwa kidole.

"Hii ni nini, mama?"

"Udongo."

"Udongo wa kufanya nini?"

"Nakwenda kufundisha walimu wa chuo kikuu."

Ofisa alimtazama usoni, akaona hatanii, akampisha.

Chuoni walipokelewa na mhadhiri aliyeitwa Chrispinus, mzaliwa wa Busia ya Kenya, mtu mpole aliyewaamkia mmoja mmoja. Aliwatembeza katika chumba cha makumbusho ya chuo, wanafunzi wakifuata nyuma. Mbele ya rafu ya tatu Benedeta alisimama ghafla. Palikuwa na chungu cha maji, kipana tumboni, kifupi shingoni. Annet alisoma maandishi ya chini yake: "Chungu cha maji. Busia, Kenya. Mfinyanzi hajulikani."

"Anajulikana," alisema Benedeta.

"Ni nani, mama?" Chrispinus akauliza.

"Mama yangu, Anjeline. Hii chungu imetoka Mwello."

Mwanafunzi mmoja alicheka chinichini. Chrispinus hakucheka, ila alisema kwa uangalifu, "Mama, vyungu vya sehemu hizi vinafanana sana. Sisi hapa tunahitaji ushahidi."

"Basi leta meza."

Meza ikaletwa. Benedeta aliomba nyasi ndefu kutoka uani, akawagawia wenzake sita, kila mmoja akasokota kamba yake na kuiviringisha juu ya udongo wake. Mabonge sita, mistari yote ikainamia kulia. Kisha akaviringisha ya kwake. Chrispinus alikishusha chungu kutoka rafuni, akakiweka kando ya bonge lile, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa udongo. Mistari ya vyote viwili ililala upande mmoja, kushoto.

"Lakini mama," akasema, "kwa nini kisiwe chako wewe?"

"Angalia vizuri. Mimi nasokota nyembamba. Kidole ya mama ilikuwa nene."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Benedeta aliomba akishike. Anjeline alikuwa amefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na chungu chake cha mwisho kilivunjika siku ya msiba wake, watu wakichota maji. Aliingiza mkono ndani, akapapasa ukuta wa chungu polepole, mpaka akakuta vishimo ambavyo dole gumba la mama yake liliacha lilipokuwa likisukuma udongo. Lake likaingia humo, na nafasi ikabaki. Macho yakamlowa.

Alipokirudisha mezani, sauti yake ilikuwa imara. Mkataba wa ushirikiano ulikuwa umeshachapwa na chuo. Annet aliusoma, akafika pale palipoandikwa kwamba picha na sauti zote zitakuwa mali ya chuo. Benedeta aliisukuma ile karatasi ikarudi kwa Chrispinus.

"Mliandika hajulikani, na mtoto wake niko hai. Hii nayo ikibaki hivi, wajukuu wangu watasoma nini?"

Akataja anayotaka. Kila kazi iandikwe jina la aliyeifinyanga na kijiji chake. Nakala za rekodi zikae shuleni kwa Annet. Wanafunzi waje Mwello, wachimbe udongo wenyewe. Na atakayewafundisha aitwe mwalimu kwenye karatasi za chuo.

Chrispinus aliandika yote, akaahidi kuyapigania. Ilichukua miezi minne, kisha mkataba mpya ukatiwa saini katika ukumbi wa kanisa, Mwello. Siku hiyo Chrispinus alitaka kumrudishia chungu cha mama yake. Benedeta alifikiri kidogo, akakataa. Nyumbani kingevunjika, kule watu wangesoma jina la Anjeline.

Januari wakaja wanafunzi kumi na wanne. Walichimba udongo shimoni, wakakanda, wakafinyanga, na siku ya kuchoma, vyungu tisa vikapasuka motoni. Ronald, yule aliyecheka chinichini siku ile chuoni, alisimama kando ya jivu, uso umejaa masizi.

"Tumefeli, mwalimu?"

"Mmefeli, ndiyo," alisema Benedeta, huku akichomoa vipande kwa fimbo na kumwonyesha mahali ukuta ulipozidi unene. "Chukua jembe. Tunarudi shimoni."