Mama Gesi na Mguu wa Shiva

Mama Gesi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo alipewa na majirani, maana kila walipomwona alikuwa anasukuma toroli lenye mitungi yake miwili ya gesi. Ufundi aliuingia kwa mlango wa chai. Alikuwa akiwapelekea chai mafundi wa karakana moja, na akisubiri vikombe virudi, alikuwa anatazama. Siku moja fundi mkuu alibanwa na mgongo, akamwambia, "Shemeji, hebu nishikie hili bomba la moto." Mama Gesi hakulirudisha tena. Kwa miaka ishirini na sita alichomelea mageti, vitanda na fremu za baiskeli, na alikuwa na msemo wake kwamba chuma ni chuma tu, hakina cha ajabu.

Asubuhi moja kuhani wa hekalu la Wahindu, barabara ya pili, alimjia karakanani mbio mbio, miguu mitupu, viatu kavisahau.

"Mama, Shiva wetu ameumia mguu," alisema huku anahema.

Mama Gesi alizima moto, akavua miwani yake myeusi. "Nani?"

Kuhani akamweleza. Hekalu lilikuwa na sanamu ya shaba ya Shiva akicheza, urefu wake kama mtoto wa miaka sita. Mara moja kwa mwaka, mwezi unapokuwa mpevu, waumini hufunga siku nzima, na alfajiri inayofuata humbeba mabegani kumtoa nje. Mfungo ulikuwa siku ile ile. Walipokuwa wanamwosha, waliona ufa kwenye kifundo cha mguu. Fundi wa kwanza aliyeitwa alisema shaba ya zamani ikipata moto itapasuka yote. Wa pili aliangalia tu, akaaga.

"Kwa hiyo mimi ndiye makombo," Mama Gesi alisema. Lakini tayari alikuwa anafunga mitungi kwenye toroli.

Pale hekaluni alimkuta mama mzazi wa kuhani, bibi mdogo wa umbo, ameketi sakafuni anasuka maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo umwone kwanza. Usimguse."

Mama Gesi alikaribia. Mikono minne, nywele zimetawanyika pande zote kana kwamba zinapepea, na duara la ndimi za moto limemzunguka. Bibi alimwonyesha kwa kidole: mkono huu una ngoma, na kwa mlio wake vyote vinaumbika, huu una moto, na kwa huo vyote vinakwisha, huu unasema usiogope. Mkono wa nne unauelekeza mguu ulioinuliwa, hapo ndipo wanyonge wanapokimbilia. Mguu wa pili umemkanyaga kibwengo mfupi, ambaye ndiye ujinga wetu. "Akiacha kucheza," bibi alisema, "jua halichomozi, moyo wako haupigi."

Mama Gesi aliinama kuutazama ufa. Ulikuwa kwenye mguu uliokanyaga.

"Yaani uzito wote uko hapa," alinong'ona.

"Wote," bibi alijibu.

Kuhani aliweka mtungi wa shaba uliojaa maji mbele ya sanamu, akasoma dua ndefu kwa sauti ya chini. Alipomaliza, aliubeba ule mtungi kwa mikono miwili, polepole kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala, akaupeleka kwenye chumba cha ndani. "Sasa yeye yuko mle kwenye maji," alisema. "Hapa imebaki shaba. Fanya kazi yako."

Waliilaza sanamu juu ya magunia uani. Binti mmoja wa hekaluni alimletea Mama Gesi chai na mkate, naye akavirudisha. "Nyumba nzima mmefunga, mimi nitafune mbele yenu?" Bibi alicheka, akamwambia kwamba wake wengi hufunga siku hiyo wakiwaombea waume zao. "Basi wangu leo kapata bahati ya bure," alijibu.

Kazi ilimchukua mchana kutwa. Hakuthubutu kupiga moto mahali pamoja. Aliupasha mguu mzima moto kidogo kidogo, akiuzungusha mwali, akisikiliza. Shaba ikitaka kupasuka hulia kwanza. Mara moja ililia, tik. Aliusogeza moto nyuma, akasubiri, jasho likimtiririka hadi kwenye viwiko. Njaa ilikuwa imempa wepesi wa ajabu, macho yake yanaona kila punje ya ile shaba. Mwishowe kijiti cha kuchomelea kikayeyuka, kikaingia ndani ya ufa chenyewe, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Akafunika mguu kwa majivu upoe taratibu. Jioni akapiga tupa, akapiga msasa, mpaka hata yeye ilimbidi apapase kwa kidole ajue ufa ulikuwa wapi.

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa anakaanga vitunguu. "Eti umenifungia mimi? Basi funga na kesho, mgongo wangu bado unauma!" Mama Gesi alicheka, lakini hakula.

Kabla jua halijatoka alirudi hekaluni. Alijiambia anakwenda kukagua kazi yake. Kuhani alikuwa amekwisha kuyamimina yale maji juu ya sanamu. Wanaume wanane waliinua mabegani miti iliyofungiwa sanamu, ngoma zikaanza, na Shiva akatoka mlangoni amejaa maua. Wabebaji hawakutembea tu. Walipiga hatua mbele, wakarudi, wakayumba kushoto na kulia, na kila walipoyumba mikono minne iliyumba, ndimi za moto zikashika mwanga wa kwanza wa alfajiri.

Mama Gesi aliukazia macho mguu. Aliutafuta ule mshono wake, akahesabu mapigo ya ngoma akisubiri mlio. Kisha, hakujua ni saa ngapi, akawa hautafuti tena. Ile shaba iliyolala juu ya magunia, aliyoijua uzito na harufu yake, haikuwapo. Kilichokuwapo kilikuwa kinacheza. Ardhi aliisikia chini ya nyayo zake, na moyo wake ukipiga kifuani, akakumbuka maneno ya bibi.

Bibi alimshika mkono. "Umemwona?"

Akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamdondoka kwenye aproni.

Hakubadili dini yake, wala hakuna aliyemwomba abadili. Karakana aliifungua siku hiyo hiyo saa nne, kwa sababu kulikuwa na geti la mtu. Lakini kila mwaka, mwezi huo ukikaribia kujaa, alifunga, na alfajiri alikwenda kusimama nyuma ya umati, karibu na ukuta. Watu walipomtambulisha kwa wageni kuwa ndiye aliyeuunga ule mguu, alikunja vidole vyake vyenye makovu ya moto ndani ya khanga, akasema, "Mimi nilikuwepo tu."