Bei ya Kila Mtu na Kwao

Hadi leo nikiona bei inayoishia na tisini na tisa natamani kutema mate. Elfu mia moja arobaini na tisa, mia tisa tisini na tisa. Kampala hii, nani amewahi kukurudishia shilingi moja? Lakini ndivyo duka letu la mtandaoni lilivyoandika, chini ya picha ya kitenge ambacho dada yangu alikipiga pasi mwenyewe na kukitandaza ukutani ili kipendeze.

Dada ndiye mwenye biashara. Tulikuja kutoka Bukavu tukiwa wakimbizi, akaanza kwa kutembeza vitambaa begani, na sasa tuna kibanda chetu ndani ya jengo moja karibu na soko la Kikuubo. Tunauza vitenge vya harusi, sare za ukoo mzima. Wateja wengi wako nyumbani, Bukavu na Goma, wengine Nairobi. Wa kwanza kabisa alikuwa mjane mmoja wa Bukavu, ambaye kwenye ukoo wake hapakuwa na harusi iliyofungwa bila nguo zetu. Akisema yeye kwamba duka fulani ni la kuaminika, mtaa wake wote unafuata. Dada alimwita Mama, naye alimwita dada binti yangu.

Kwetu noti ya dola hupimwa kama mgonjwa. Ikiwa na mchaniko mdogo tu haipokelewi, kwa hiyo kila mtu huiinua kwenye mwanga na kuigeuzageuza mbele yako bila haya. Mjane na dada hawakufanyiana hivyo. Kila alipokuja Kampala kutibiwa macho alipita dukani, akatoa noti zake, dada akazitia mkobani bila kuzitazama. Dada alirudisha chenji, mjane akaikunja na kuichomeka kifuani huku maongezi yakiendelea. Nilikuwa nikipenda sana kuwaangalia.

Kisha tukampata mtaalamu wa kututengenezea duka la mtandaoni, bwana mmoja mwenye ofisi mtaa wa Bukoto, hapa hapa Kampala, kiti cha kuzunguka na manukato makali.

“Nyabo,” alimwambia dada, kama Waganda wanavyomwita bibi wa heshima, “kasitoma akiona pesa ya kwao, roho inatulia. Wa Kenya anaona ya Kenya, wa Congo anaona ya Congo.”

Dada alikuwa amechoka kupigiwa simu kila saa na kuulizwa dola leo imefika ngapi. Akakubali.

Kwa pesa ya Congo yule bwana aliweka faranga. Angemuuliza mtu yeyote aliyewahi kununua hata shati Bukavu. Faranga ni za nyanya, za dagaa wa sambaza, za nauli. Nguo ya harusi ni dola, na imekuwa dola tangu nipate akili. Nilipoona kile kitenge na msururu wa sufuri chini yake, msururu uliobadilika kila asubuhi, niliona kinyaa kama nimekuta mafuta ya taa kwenye sahani ya wali. Nilimwambia yule bwana. Akacheka, akasema pesa halali ya nchi ile ndiyo hiyo.

Mjane alikuwa akimwoza kitinda mimba wake. Akafungua duka letu kwenye simu akaona bei, akafungua tena baada ya siku mbili akakuta imepanda. Binti yake mkubwa, aliyeolewa Nairobi, akafungua kule akaona bei yake. Wakaziweka picha zote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtu mmoja akazigeuza kuwa dola. Kitenge kimoja, bei tatu. Jioni ile dada akatumiwa ujumbe wa sauti.

“Binti yangu, njo nini hii? Mie munanionyesha bei yangu, mutoto wangu munamuonyesha yake, kesho inapanda tena. Munaangaliaka sura ya mutu njo munapanga bei?”

Hakupaza sauti. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka. Dada aliketi juu ya robota la vitambaa na simu yake mapajani.

Asubuhi tulikuwa Bukoto. Faranga kupanda na kushuka tulikuwa tunaielewa. Dada alitaka kujua kwa nini bei ya Nairobi ilikuwa kubwa kuliko zote.

“Nyabo, niliongeza kidogo tu ya kujikinga, dola ikipanda,” bwana alisema, akitabasamu. “Nairobi pesa iko. Hakuna mutu anajua.”

Kwa hiyo mjane alikuwa amesema kweli. Duka letu lilikuwa likitazama sura za watu huku sisi tumelala. Alitabasamu vile vile, kana kwamba ametupa zawadi. Dada alimwamuru aondoe yote, aache bei moja ya dola, isiyo na tisini na tisa, kwa kila mtu. Aliondoa huku akitikisa kichwa, kwamba sisi ni washamba.

Dada alimpigia mjane, akamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. “Haina neno, binti yangu,” alisema, kwa upole mno. Na sare akaagiza. Dada alifurahi siku nzima, akanikemea kwa kuendelea kununa.

Mjane akaja mwenyewe kuzichukua, kwa sababu daktari wa macho alikuwa anamngoja. Walikumbatiana, wakaulizana habari za watoto. Alitoa noti zake, dada akazitia mkobani bila kuzitazama, kama zamani, kisha akamrudishia noti ya dola kumi.

Mjane akaiinua kwenye mwanga. Akaisogeza karibu na macho yake mabovu, mbele, nyuma, akapitisha kidole polepole kwenye kingo zote nne. Dada alisimama mbele yake, akingoja amalize.