Nilivyompa Mgombea Udaktari

Haijanitoka akilini siku moja, mwanangu, Jumapili ya mwaka 2014, kanisani kwetu Whitehall, hapa Ohio. Sikuwa nimefika arobaini, ila Kiingereza kilinifanya nijione mkubwa kuliko wazee wote. Barua za shule, mambo ya hospitali, yote nilitafsiri mimi, na watu waliniamini.

Bon, basi, siku hiyo alikuja mama mmoja Mmarekani, Loretta, aliyegombea ubunge wa jimbo la Ohio. Baadhi yetu tulikuwa ndiyo kwanza tumepata uraia wa hapa, tungepiga kura mara ya kwanza. Akasimama mbele kueleza alikotoka. Aliacha shule kwa sababu ya mimba. Akafanya kazi miaka kumi na mmoja katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwabadilisha nepi. Wenzake wa kazi wakamchagua awasemee kwa mabosi, kisha mji ukamchagua kwenye baraza lake.

Mimi nikaona aibu. Kwetu Uvira, kule Kongo, mheshimiwa alisomewa orodha ya shule zake zote kabla hajafungua mdomo. Sasa huyu nimlete mbele ya wazee na habari za nepi? Aka! Nikasema kwa Kiswahili, "Huyu mama amesoma sana. Ni daktari wa wazee." Kanisa likapiga makofi. Naye akatabasamu, maskini, akidhani wamependa historia yake.

Wakati wa maswali, Mama Furaha, mjane tuliyemheshimu wote, akaja mbele akichechemea. Akakaa kwenye kiti cha mchungaji, akapandisha kitenge mpaka gotini.

"Daktari, hili goti linaniua. Wananipa vidonge tu."

Yesu wangu! Loretta ananitazama, anangoja nimtafsirie. Nikafikiria kudanganya tena, nikashindwa. Nikamwambia kwa Kiingereza nilichofanya. Hakukasirika hata kidogo. Alipiga magoti sakafuni, akalishika lile goti kwa mikono miwili, akalinyoosha polepole kama mtu anayeijua kazi yake. Ikabidi nigeukie kanisa, nikakiri.

Mama Furaha hakushusha kitenge. "Baba Espoir, mimi nafanya kazi gani?"

"Unatunza wazee, mama."

"Naogesha wazee. Nawavalisha nepi. Goti hili limeharibika kwa kuwainua. Donc, yaani, miaka yote hii ukinisalimia kwa adabu, moyoni ulikuwa unanionea haya?"

Nikamwomba radhi mbele ya wote, mwanangu.

"Basi mwambie kura yangu ni yake," akasema, "na umwambie kwa nini. Usiongeze kitu." Nikatafsiri, na wale akina mama wawili wakakumbatiana hapo hapo.

Loretta alishinda. Alitualika bungeni, katikati ya jiji la Columbus, akamtambulisha Mama Furaha kwa wabunge wenzake kuwa mtu wa kazi ile ile aliyoifanya yeye. Nilitafsiri bila kutia chumvi, na nilifurahi sana siku ile.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikusikia kwenye simu ukimwambia mwalimu, yule anayekusaidia kuomba chuo, kwamba mama yako ni meneja wa ghala. Mama yako anabeba maboksi, mwanangu. Alikuwa jikoni, na Kiingereza cha kuelewa hayo anacho. Alizima jiko akaenda kulala bila kula.

Sikugombezi, maana na mimi nilifanya hivyo hivyo. Ila ukimpamba mtu kwa sifa zisizo zake, unamwambia kwamba zile zake hazitoshi. Watakapokuuliza umelelewa na nani, taja kambi ya wakimbizi tulikotoka, taja ghala, taja zamu zake zote. Hayo ndiyo yaliyokusomesha. Sasa nenda ukamwombe radhi kabla hajatoka kwenda kazini.

Mungu akufikishe mbali, mwanangu, hata kwenye viti vya wakubwa. Na ukikaa hapo, akupe ujasiri wa kusema, "Huyu ni mama yangu, anabeba maboksi," naye awepo akusikie.