Kuni za Upande wa Bwana Harusi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kikwangulio na taa ya kichwani, nikaambiwa niingie ndani ya kabati la moshi. Ni kabati la chuma, mtu mzima anasimama ndani, na kuta zake zimeganda masizi yenye mafuta, meusi kama lami. Nilimwomba Mungu mlango usijifunge nyuma yangu. Kiwanda kilikuwa kidogo, nje ya Jakobsberg huku Uswidi, wanakausha nyama na samaki kwa moshi. Shule nilisoma miaka michache kule Rumonge, Burundi, halafu vita, halafu kambi Tanzania. Kiswidi changu kilikuwa salamu na asante. Basi nilikwangua kama mtu anayefukuzwa.

Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Moshi. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, na ndivyo nilivyomwita. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama.

"Bado," akasema, akaenda zake.

Nikaanza upya.

Majira ya baridi yalipokwisha alinihamishia kwenye moto. Vijana mnaonunua majiko ya moshi kwa sababu yanang'aa dukani, sikilizeni hapa. Nyama ikitoka kwenye chumvi usiipeleke kwenye moshi ikiwa mbichi ya maji. Itundike penye upepo mpaka ukiigusa inanata kidoleni. Moshi mzito mweupe unaomfurahisha mgeni ndio unaoitia nyama uchungu. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati, mpaka uinamishe kichwa ndipo uuone. Ukiona mweupe, moto unakosa hewa; fungua tundu la chini kidogo, kidogo tu, na usiondoke hapo.

Kuni zetu zilikuwa za mti unaoota kando ya maji, Waswidi wanauita *al*. Moshi wake ni mpole. *Björk*, ule mti mweupe, tuliutumia baada ya kuutoa maganda, maana maganda yana mafuta na yanatoa masizi. Misonobari hatukuigusa, utomvu wake unaifanya nyama inuke kama dawa ya kusugulia sakafu.

Asubuhi moja Msimamizi alichokonoa jivu akakuta kipande cha ubao hakijaisha kuungua. Akakipeleka dirishani. Pale kilipokatwa kilikuwa na rangi ya kijani, hafifu sana. Akasema kabati lote limwagwe.

Lilikuwa limejaa nyama. Mimi nilitoka kambini, ambako tulipanga foleni kwa maharage yenye wadudu, tukatoa wadudu, tukala. Nikamwambia kwa Kiswidi changu kibovu kwamba huku ni kufuru.

"Unaweza kuniahidi kwamba haitamdhuru mtu?" akaniuliza.

"Siwezi."

"Na mimi siwezi. Mwaga."

Baadaye alinieleza. Mbao za veranda na uzio huku nyingine zimeshindiliwa dawa zisioze, na dawa hiyo ikiungua moshi wake ni sumu. Ubao ukizeeka juani juu unakuwa wa kijivu, huutambui. "Tazama kichwa chake, pale msumeno ulipopita," akasema. Tangu siku hiyo sikupata raha tena. Nikiwa kwenye treni narudi nyumbani nawaza, je, kuni za leo nilizitazama zote?

Kiwanda kilipofungwa nilipelekwa jiko la shule. Pale nilikuwa chini ya Mkuu wa Jiko, mama mkali aliyechoma kila paja la kuku kwa sindano ya kupimia joto, hata lile alilokwisha kulipima. Tuliivana sana.

Kipindi hicho nilikodi kishamba cha bustani huku Botkyrka, maana kwenye baraza ya ghorofa moshi ni ugomvi na majirani, nikanunua jiko langu. Kulichagua sikumuuliza muuzaji. Niligonga bati kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, liache; bati jembamba upepo wa huku unalipoza, utakesha unaongeza kuni. Nilitaka chuma kizito, mlango usiovuja, na kisanduku cha moto kilichokaa pembeni, ili moto usiguse nyama, ipate joto na moshi peke yake. Pipa la mafuta nililopewa bure nililikataa. Sikujua lilibeba nini.

Sasa nije kwenye harusi ya binti yangu Esperansi.

Aliolewa na kijana wa Kikenya. Tulikubaliana nikaushe mbuzi wawili kwa moshi, wageni wale kesho yake ukumbini Norsborg. Jioni ya kuamkia harusi upande wa bwana harusi walikuja bustanini, mbele yao Mzee Njoroge, baba mdogo wa kijana, anayefanya usafi uwanja wa ndege wa Arlanda na kukaa Märsta. Walileta kuni. Kwao, na kwetu pia tunalielewa, jiko la mama wa bibi harusi linaletewa kuni na wakwe, na anayezikataa amewakataa wenyewe. Zilikuwa zimekatwa sawasawa, zimefungwa utepe mwekundu. Tukapiga vigelegele.

"Zimekauka kabisa, Mama Esperansi," akasema Njoroge. "Hata ukizitazama kwa hasira zinashika moto."

Nilicheka, nikaenda bombani kusuuza masufuria. Mbuzi walikuwa wameshafika nusu. Niliporudi moshi ulikuwa umebadilika. Njoroge alikuwa amechuchumaa penye kisanduku cha moto, anatia kuni zake kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima, kama desturi inavyotaka.

Nikaokota kipande kimoja. Kijivu. Nikageuza kichwa chake kwenye mwanga: kijani, hafifu.

"Umezitoa wapi hizi, mkwe?"

"Märsta. Veranda ya mzungu mmoja inabomolewa. Mbao safi, Mama!"

Nikawaambia mbao zina dawa, wote wasogee mbali na moshi, nikafungua mlango, nikaanza kutoa nyama na kuitia kwenye mifuko myeusi ya taka, miwili miwili, mbwa asije akaipata.

"Mamma, snälla," Esperansi akanishika mkono. Akiogopa hurudi kwenye Kiswidi, na hapo alikuwa ananibembeleza. "Ni nyama ya harusi yangu."

"Ni dakika chache tu zimepita, Mama," Njoroge akasema.

"Unaweza kuniahidi haitamdhuru mtu?"

Njoroge akavaa kofia yake. "Umekataa kuni zetu mbele ya watu."

"Kuni nimezipokea, mkwe. Nyama ndiyo nimeikataa."

Waliondoka wote, hata chai hawakunywa. Esperansi alikaa kwenye ndoo akalia, na mimi nilikuwa nafunga mifuko ile. Nilikuwa nimetupa chakula, mimi, mtu wa foleni ya maharage, na pengine nilikuwa nimemtupa na mume wa mwanangu.

Kesho yake Norsborg tulipika kuku, maharage na ndizi. Saa ikafika, viti vya upande wa pili vitupu. Watu wanazungumza kwa sauti ndogo. Esperansi hakuniangalia. Nikawa naenda dirishani, narudi, naenda.

Walikuja wamechelewa, na mwisho kabisa akaingia Njoroge, suti nyeusi, begani kabeba gunia la kuni zinazouzwa vituo vya mafuta. Akalitua mlangoni pa jiko mbele ya watu wote, akachomoa kigogo, akaninyooshea upande uliokatwa.

"Mama mkwe, kagua. Hiki kina dawa?"

Nikakitazama. Sikuharakisha.

"Hakina. Ila toa maganda."

Ukumbi mzima ukacheka, na Esperansi akanitazama.

Siku hizi nimestaafu. Magoti hayataki, ila jiko la moshi bado ninalo. Kila vuli Njoroge ananiletea *al*, na hashushi kitu garini kabla sijatazama vichwa vyote. "Hata Arlanda abiria hawakaguliwi hivi," ananung'unika. Mimi nakagua tu.

Mpaka leo sijui kama wale mbuzi wangemdhuru mtu. Hakuna atakayenijibu. Kazi hii ndivyo ilivyo: ukiifanya vizuri hakitokei kitu, na wewe unabaki na wasiwasi wako. Nikishalisha watu, kesho yake asubuhi napiga simu nyumba kwa nyumba, nasingizia kusalimia. Chai siinywi kabla wote hawajapokea.

Njoroge alishanijua. Nikimpigia, hata salamu hangoji.

"Tuko hai, Mama," anasema. "Sote. Kunywa chai."