Nafasi ya Mama Kando ya Kaburi la Baba

Pale Kibondo wapo wanaosimulia kwamba mama yangu aliteleza akaangukia zege bichi kwa sababu ya uzee. Si kweli. Hakuteleza wala hakuanguka. Kwa kuwa nilikuwapo, naona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili kama lilivyotokea.

Baba amezikwa nyuma ya nyumba yetu, juu kidogo ya migomba. Kwa muda mrefu kaburi lake lilikuwa tuta la udongo lenye msalaba wa mbao. Mdogo wangu, mfanyabiashara wa pale mjini, ndiye aliyeleta wazo la kulijengea, na hakutaka saruji ya kawaida. Alikuwa ameona Kasulu, kwenye ua wa nyumba moja ya wageni, zege lililotiwa rangi na kupigwa chapa hata likafanana na mawe ya kuchonga. Akataka kaburi na eneo lote linalolizunguka liwe hivyo, na padri aje kulibariki Jumapili mbele ya wageni. Sikupinga. Katika kikao cha familia nilisema jambo moja tu: upande wa kushoto wa baba uachwe udongo mtupu, kwa maana mama amekuwa akisema tangu siku ya mazishi kwamba hapo ndipo atakapolala. Wote waliitikia kwa vichwa. Mdogo wangu akakabidhiwa jukumu la kumweleza fundi.

Hakumweleza.

Siku ya kumwaga zege nilitoka Kasulu asubuhi, lakini gari likaharibika Makere, nikafika alasiri. Wingu zito lilikuwa limeshatanda juu ya vilima. Nilipozunguka nyumba, nilikuta zege limemwagwa na kusawazishwa kutoka ukingo hadi ukingo, upande wa kushoto ukiwamo. Mawe ambayo mama aliyapanga kwa mikono yake kuonyesha mpaka wa nafasi yake yalikuwa yametupwa migombani.

Fundi alikuwa amepiga magoti juu ya ubao, akinyunyiza unga mwekundu wa rangi kama mtu anayepanda ulezi, kisha akiusugua kwa mwiko. Kando yake ilipangwa mikeka minene ya mpira, yenye sura ya mawe upande wa chini, ambayo angeikandamiza juu ya zege ili iache alama.

“Nani amekuagiza ufunike upande huu?” nilimwuliza.

“Shikamoo, mzee. Bosi amesema lote.”

Mdogo wangu alikuja mbio kutoka barazani. “Kaka, punguza sauti. Mama yumo ndani.”

“Kwa nini hukumwambia fundi?”

“Nimwambie nini? Aache pa kumzika mama, na mama mwenyewe anakunywa chai pale? Huko si kumchuria?”

“Kikao kiliamua.”

“Kikao! Mstaafu, ofisi ilishafungwa.”

Mkewe akaficha kicheko ndani ya kanga. Dhihaka niliizoea, kilichonikera ni kile kisingizio. Sehemu kubwa ya uharibifu nilioushuhudia katika utumishi wangu haikutokana na uovu, bali na watu wazima walioona haya kutamka jambo ambalo kila mmoja wao alilijua.

Nikamgeukia fundi, nikamwuliza kama sehemu ile ingeweza kukatwa.

“Sasa hivi, ndiyo. Bado ni laini, na chini kuna wavu mwembamba tu wa waya. Likishashika, mzee, ni nyundo na tindo, na ufa hauchagui pa kwenda. Utafika hadi kwenye kaburi lenyewe.” Akatazama juu. “Tena mvua ile ikinikuta sijapiga chapa, rangi yote inaishia kwenye migomba.”

“Piga chapa,” mdogo wangu akasema.

“Usipige,” nikasema.

Fundi alibaki ameushika mkeka wa mpira kifuani. “Wazee wangu, zege halisubiri kikao.”

“Jumapili wageni wakute shimo hapa?” mdogo wangu akaniuliza kwa ukali. “Wataniuliza mimi, si wewe!”

Mama akatokea na fimbo yake, kwani ni saa aliyozoea kuja kukaa na baba. Fundi aliweka mkeka chini, akapiga makofi mepesi kumwamkia kama ilivyo desturi yetu. Mama akaitikia salamu zote bila kuruka hata moja, kisha akalitazama zege kwa muda mrefu. Akauliza kwa Kiha yalipo mawe yake. Msaidizi mmoja wa fundi akatupa jicho migombani.

“Na mimi mtaniweka wapi?”

“Jamani, mama,” shemeji akasema, “kwani unakwenda wapi? Wewe bado upo sana.”

“Nipo, ndiyo maana nauliza. Nikishalala nitamwuliza nani?”

Mdogo wangu akainamisha kichwa. “Mama, pale chini pana nafasi nzuri...”

“Pale chini maji hutuama. Baba yenu amenikoromea tangu nikiwa msichana, nikavumilia. Leo ndiyo mnataka kunihamisha?”

Matone ya kwanza yakaanza kugonga majani ya migomba. Fundi akaukamata tena mkeka wake na kumtazama mdogo wangu. Hapo mama akavua kandambili zake, akaziweka sambamba kama anayeingia ndani ya nyumba, akapanda juu ya zege upande wa kushoto wa baba. Miguu yake ikazama hadi juu ya vidole.

“Mama, saruji inachoma!” fundi alipiga kelele.

“Basi kateni upesi,” mama akasema, akaikita fimbo.

Nilipopiga hatua kumfuata, alinizuia kwa jicho. Kisha akamkazia macho mdogo wangu. Mdogo wangu alisimama pale, mvua ikimlowesha shati, hadi nikadhani angegeuka aondoke. Kisha akalichukua koleo kutoka kwa msaidizi wa fundi, akaingia na viatu vyake vya mjini, akaanza kuchota zege kuanzia miguuni pa mama. Fundi akamfuata akikata wavu, na wasaidizi wake wakatandaza turubai juu ya upande uliobaki. Mama alitoka pale alipouona udongo. Nilimwosha miguu kwa maji ya ndoo, na ngozi ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu.

Chapa ilipigwa chini ya turubai. Kona moja iliyowahiwa na mvua imepauka hadi leo.

Jumapili, wageni walilisifia sana lile zege. Mzee mmoja akauliza kwa nini upande mmoja umeachwa udongo.

“Tumeacha pa kupanda maua,” mdogo wangu akajibu haraka.

“Si pa maua,” mama akasema kutoka kitini kwake, kwa sauti iliyomfikia hata padri. “Ni pangu.”

Padri akakohoa. Mdogo wangu akatazama viatu vyake, ambavyo saruji haikuwa imevitoka vizuri. Wageni walipokwisha kuondoka, alishuka migombani peke yake akayatafuta yale mawe, akayarudisha moja baada ya jingine, huku mama akimwelekeza kwa fimbo: sogeza kidogo, hapana, huko ni kwa baba yako.