Kikoi Kisichobandikwa

Ukimtaja Adib wa fremu pale Al Quoz, watu watakwambia ni mpole, ana mikono ya dhahabu, na ana kijicho cha kumtosha yeye na majirani zake. Alizaliwa Mombasa, Kuze, akafika Dubai angali kijana. Kufikia mwaka 2012 alikuwa fundi mkuu wa karakana ya fremu iliyobanwa baina ya gereji na ghala la vigae. Majumba ya sanaa yalikuwa yamehamia maghala ya jirani, na picha zao nyingi zilipita mikononi mwake kabla ya kutundikwa.

Kijicho hicho kilikuwa na mlengwa wake, naye ni Tofazzal, Mbengali wa Khulna, Bangladesh. Kwao alisomea uchoraji. Dubai alikuja kuandika mabango ya maduka. Adib ndiye aliyempa kona nyuma ya karakana, akampa mabaki ya mbao za kuchorea, na akamfundisha Kiswahili, kwanza cha kuombea chai, kisha cha kubishania mpira. Kwenye kona hiyo Tofazzal alipata mtindo wake. Aliwachora watu wa Al Quoz wazimawazima, kwa rangi na mkaa, halafu akabandika juu yao nguo walizovaa kweli na kuzishona mishono midogomidogo, vile mama yake alivyoshona mablanketi ya sari kuukuu. Dereva alikuwa na mkono wa shati lake, fundi bomba na mfuko wa suruali yake. Siku moja madam mwenye jumba la sanaa alikuja kuchukua fremu, akaiona picha ya yule dereva, na tangu hapo Tofazzal hakuandika tena bango la mtu.

Adib alifurahi. Alifurahi kwa dhati, kwa siku chache. Kisha akaanza kujitafuta kwenye picha.

Hakujiona. Kila kazi mpya ilipoletwa kuwekewa fremu, aliikagua uso kwa uso mpaka wale wa nyuma kabisa, waliokuwa madoa tu ya mkaa. Alimwona Roselyne, aliyekuwa akipika kwenye kantini ya vibarua, na aproni yake ya maua imeshonwa kifuani. Basi, Roselyne alikuwa mtu wa watu, hakuna neno. Lakini siku alipofunua turubai la picha mpya na kumkuta Nick, yule askari wa getini aliyetoka Kericho juzijuzi, amesimama na kola yake halisi ya sare, roho ilimuuma Adib mpaka chai ikamshinda. Nick! Nick hakuwahi kumpa Tofazzal hata kijiti cha kuchanganyia rangi. Adib alimwekea Nick fremu ya mbao hafifu kuliko zote zilizokuwemo karakanani, na jumbani akamtundika upande kidogo. Madam mwenyewe alikuja kumnyoosha.

Hasidi hana sababu, wasema wahenga, lakini Adib aliona yeye anazo tele. Alikuwa na kikoi cheupe chenye pindo la kijani, alichokifunga kila mapumziko ya mchana, kimeoshwa mpaka kikawa laini. Akaanza kukisahau makusudi. Mara kiko kwenye kiti cha Tofazzal, mara kimeangukia sanduku la mabaki ya nguo. Kila mara Tofazzal alikikung'uta, akakikunja vizuri, akakirudisha. Siku moja akamwambia kwa upole kwamba uzee unaanza kumchezea.

Nalo jina la Tofazzal lilizidi kukua. Maonyesho yakafuatana, magazeti yakaandika, wageni wenye miwani mikubwa wakaja karakanani kuiona kona alipoanzia. Walimpita Adib wakimwomba radhi, kama mtu anavyopita kando ya kabati. Usiku alimlaumu rafiki yake, asubuhi akammiminia chai, na wivu ule haukumpa nafasi ya kujiuliza jambo moja: Roselyne yuko wapi sasa? Na Nick je? Dubai kila mtu huja na kuondoka, na aliyeondoka haulizwi habari zake.

Mwaka 2016, baada ya swala ya adhuhuri, Tofazzal alikuja akaketi sakafuni karibu na msumeno. Akanyoosha mkono kuelekea kiunoni mwa mwenzake.

"Bhai Adib, nipe kikoi chako."

Adib alihisi kifua kikifunguka. Mikono yake ilikwisha shika fundo alipouliza, kwa kujifanya hajali, imekuwaje leo amekumbukwa, ilhali Nick wa juzi alitangulia.

"Nick alikuwa anakwenda Doha," Tofazzal akasema. "Roselyne alikuwa anarudi kwao. Mimi nachora watu ambao sitawaona tena. Wewe nakuona kila siku, nikuchore kwa nini?"

"Kwetu husema asiyekuwepo na lake halipo," Adib akasema taratibu.

"Ndiyo maana nachukua nguo." Tofazzal alitazama sakafu. "Chuo cha kwetu kimeniita kufundisha. Naondoka mwisho wa mwezi."

Adib akalikaza lile fundo.

"Sikupi," akasema. "Ukikitaka, kaa."

Tofazzal hakukaa. Mwisho wa mwezi aliaga, wakakumbatiana, na kikoi hakikutajwa. Alimwachia Adib turubai lililofungwa gazeti, aliwekee fremu. Ndani yake alikuwemo Adib mwenyewe, ameinama juu ya mbao, unga wa msumeno wa karakana ile umegandishwa kwenye nywele zake, uso umechorwa na mtu aliyeutazama miaka. Kiunoni hapakuwa na rangi wala nguo. Hapo turubai lilikuwa tupu, na mishono imepazunguka pembeni, ikingoja.

Madam aliiona na akaleta mnunuzi kutoka Abu Dhabi. Wakaisifu sana. Adib, aliyekuwa ameutamani ukuta wa jumba lile miaka minne, aliwasikiliza mpaka mwisho, akaigeuza picha ikatazama ukuta wa karakana.

"Haijaisha, madam," akasema, na kurudi kazini, kikoi kimefungwa kiunoni.